Mifumo huria ya uendeshaji kwa kompyuta za zamani

Mifumo huria ya uendeshaji kwa kompyuta za zamani ni mifumo ya uendeshaji ambayo msimbo wake wa chanzo uko wazi kwa umma na ambayo bado hufanya kazi katika kompyuta zilizoachwa na watengenezaji wake au na mifumo mipya ya kibiashara. Mifano yake ni NetBSD, FreeDOS, na baadhi ya mikusanyo ya Linux kama vile antiX, Tiny Core na Alpine.

Kompyuta husemwa kuwa imepitwa na wakati kwa maana mbili. Kwanza, vipande vyake vimechakaa au vimeharibika. Pili, mashine ni nzima, lakini hakuna tena anayetengeneza programu mpya kwa ajili yake. Makala hii inahusu zaidi maana ya pili.

Leseni ya programu huria humpa mtu yeyote ruhusa ya kuusoma, kuubadilisha na kuusambaza msimbo wa mfumo. Kwa sababu hiyo mfumo huria unaweza kuishi miaka mingi kuliko kampuni iliyounda kompyuta yenyewe. Hata hivyo ruhusa peke yake haitoshi. Lazima awepo mtu mwenye mashine ya aina hiyo, anayejaribu kila toleo jipya na kusahihisha kinachoharibika. Mtu huyo huitwa mtunzaji. Aina nyingi za kompyuta zimeondolewa katika mifumo huria kwa sababu zilikosa mtunzaji, ingawa mashine zenyewe zilikuwa bado zinawaka.

## Sababu za kompyuta kuachwa

Kampuni inayouza mfumo wa uendeshaji hupanga tarehe ya kuacha kuutunza. Microsoft iliacha kuitunza Windows XP tarehe 8 Aprili 2014, Windows 7 tarehe 14 Januari 2020, na Windows 10 tarehe 14 Oktoba 2025. Windows 11, iliyotoka mwaka 2021, inadai prosesa ya biti 64, kumbukumbu ya RAM isiyopungua gigabaiti 4, na kijenzi cha usalama kiitwacho TPM 2.0. Kompyuta nyingi zilizokuwa zikiendesha Windows 10 vizuri hazina vitu hivyo.

Mifumo huria nayo huacha vifaa, lakini kwa njia tofauti. Sababu za kawaida ni hizi:

* Ukosefu wa watunzaji. Aliyekuwa akiitunza sehemu fulani ameacha, na hakuna aliyechukua nafasi yake.
* Mzigo kwa wengine. Kifaa cha zamani kinaweza kuhitaji msimbo wa pekee ambao kila mwandishi wa programu analazimika kuukumbuka anapobadilisha kitu kingine.
* Ukosefu wa majaribio. Kama hakuna anayewasha mashine hiyo kwa toleo jipya, haijulikani tena iwapo msimbo wake unafanya kazi.
* Mahitaji ya programu nyingine. Mfumo wenyewe unaweza kuwaka, lakini kivinjari au lugha ya programu ikawa haiikubali tena prosesa.

## Historia

### NetBSD

NetBSD ilianzishwa mwaka 1993 na Chris Demetriou, Theo de Raadt, Adam Glass na Charles Hannum. Ilitokana na BSD, aina ya Unix iliyoendelezwa katika Chuo Kikuu cha California, Berkeley. Tangu mwanzo lengo lake mojawapo lilikuwa kufanya kazi katika aina nyingi za kompyuta. Ili kufanikisha hilo, msimbo unaohusu mashine fulani hutenganishwa na msimbo wa jumla. Draiva ya kifaa huandikwa mara moja, kisha hutumika katika kompyuta za aina mbalimbali zenye kifaa hicho.

Kutokana na mpangilio huo NetBSD bado hutolewa kwa mashine kama Amiga, Atari, Macintosh za prosesa za familia ya Motorola 68000, na VAX, kompyuta ya kampuni ya DEC iliyotangazwa mara ya kwanza mwaka 1977. Toleo la NetBSD 10.0 lilitoka mwezi Machi 2024. Mradi umezigawa mashine zake katika madaraja. Daraja la kwanza ni la zile ambazo mradi wote unaahidi kuzitunza. Daraja la pili ni la zile zinazotegemea juhudi za wanaozipenda.

### Linux

Linux ilianzishwa na Linus Torvalds mwaka 1991 kwenye kompyuta yenye prosesa ya Intel 80386, maarufu kama 386. Baadaye kerneli yake, yaani kiini cha mfumo, ilihamishiwa katika prosesa nyingine nyingi. Miongoni mwa za mwanzo ilikuwa familia ya Motorola 68000, inayoitwa kwa kifupi m68k. Sehemu hiyo bado imo katika kerneli rasmi, chini ya utunzaji wa Geert Uytterhoeven.

### FreeDOS

Mwaka 1994 Jim Hall, aliyekuwa mwanafunzi wa fizikia nchini Marekani, alitangaza mradi wa kuunda DOS huria baada ya kuonekana kwamba Microsoft ingeiacha MS-DOS na kuelekeza nguvu zake katika Windows. Toleo la FreeDOS 1.0 lilitoka mwaka 2006, na la 1.4 mwaka 2025. Kerneli yake huweza kuendesha hata kompyuta zenye prosesa ya Intel 8086. Hutumika kwa michezo ya zamani, kwa mashine za viwandani zinazotegemea programu za DOS, na kwa kusasisha programu za ndani za ubao mama.

## Jinsi mashine zinavyoondolewa

Prosesa ya 386, ambayo Linux ilizaliwa juu yake, iliondolewa katika toleo la Linux 3.8 la mwaka 2013. Prosesa hiyo ilikosa baadhi ya amri na tabia zilizopo katika 486 na zilizofuata. Kila mara wahandisi walipobadilisha namna ya kushughulikia kumbukumbu au prosesa nyingi kwa pamoja, walilazimika kuweka njia ya pembeni kwa ajili ya 386 pekee. Watumiaji wake walibaki na matoleo ya zamani ya kerneli.

Mwezi Juni 2018 toleo la Linux 4.17 liliondoa kwa mpigo aina nane za usanifu wa prosesa: Blackfin, CRIS, FR-V, M32R, Metag, MN10300, Score na Tile. Nyingi kati ya hizo zilikuwa za vifaa vidogo vya kielektroniki. Hazikuwa tena na watumiaji wanaojulikana wa kerneli mpya, na baadhi ya kampuni zilizoziingiza zilikuwa zimeshaacha biashara hiyo.

Mfano wa H8/300, prosesa ya Hitachi, unaonyesha kwamba kuondolewa si lazima kuwe mwisho. Iliondolewa katika Linux 3.13 ya mwaka 2014 kwa kukosa matunzo, ikarudishwa katika toleo la 4.2 la mwaka 2015 baada ya kupata mtunzaji, kisha ikaondolewa tena katika toleo la 5.19 la mwaka 2022.

Umri si kigezo pekee. Itanium, prosesa ya Intel iliyoanza kuuzwa mwaka 2001 na kukoma mwaka 2021, iliondolewa katika Linux 6.7 mwezi Januari 2024. Wakati huohuo m68k, ambayo asili yake ni mwishoni mwa miaka ya 1970, iliendelea kubaki. Tofauti ni kwamba m68k ina kundi dogo la watu wanaoijaribu na kuirekebisha mfululizo, ilhali Itanium ilibaki bila mtunzaji katika kerneli rasmi. Baada ya kuondolewa, watu wachache wameendelea kuitunza nje ya kerneli hiyo.

Mikusanyo ya Linux, yaani kerneli pamoja na programu zake zilizofungashwa tayari, hufanya maamuzi yake yenyewe:

* Arch Linux iliacha kompyuta za biti 32 mwaka 2017. Wapenzi wake walianzisha mradi tofauti uitwao Arch Linux 32.
* Ubuntu iliacha kutoa diski ya kawaida ya kusakinishia kompyuta za biti 32 kuanzia toleo la 17.10 la mwaka 2017.
* Debian ilidai prosesa ya kiwango cha i686 kuanzia toleo la 9 la mwaka 2017. Toleo la 12 la mwaka 2023 ndilo la mwisho kuwa na kisakinishi cha kompyuta za Intel za biti 32. Katika toleo la 13 la mwaka 2025 programu za biti 32 zimebaki kwa ajili ya kuendeshwa ndani ya kompyuta za biti 64 tu.

## Kazi ya matunzo

### Kujenga mfumo

Msimbo wa chanzo hauwezi kuendeshwa kama ulivyo. Hugeuzwa kuwa lugha ya mashine kwa kutumia programu iitwayo kompaila, na kazi hiyo huitwa kujenga mfumo. Kompyuta ya zamani yenye RAM ya megabaiti chache inaweza kuchukua siku nyingi au wiki kadhaa kuujenga mfumo wake yenyewe.

Kuna njia mbili. NetBSD hujenga mfumo mzima wa mashine moja ndani ya mashine nyingine. Tangu toleo la 1.6 la mwaka 2002 inayo hati ya amri iitwayo build.sh, inayoweza kujenga mfumo wa VAX au wa Amiga kwenye kompyuta ya kisasa kwa muda mfupi. OpenBSD, mradi uliotokana na NetBSD mwaka 1995, hushikilia kwamba kila mfumo ujengwe kwenye mashine halisi ya aina yake. Njia hiyo ni ngumu, lakini ni jaribio kubwa: mashine inayoweza kujijenga yenyewe kwa siku kadhaa bila kukwama imethibitisha kuwa mfumo wake ni imara. OpenBSD iliiacha VAX baada ya toleo la 5.9 la mwaka 2016. NetBSD bado inayo.

### Emuleta

Emuleta ni programu inayoiga kompyuta nyingine. Zinazojulikana ni QEMU, iliyoanzishwa na Fabrice Bellard mwaka 2003, na SIMH, inayoiga mashine kama PDP-11 na VAX. Emuleta humwezesha mtu asiye na mashine ya zamani kushiriki katika matunzo.

Historia ya m68k katika Debian inaonyesha umuhimu huo. Iliingia rasmi katika Debian 2.0 ya mwaka 1998, lakini haikuwemo katika toleo la 4.0 la mwaka 2007. Mashine zake hazikuweza kujenga programu zote kwa kasi iliyotakiwa, na zana za kujengea zilikuwa zimebaki nyuma. Baadaye watunzaji walitumia emuleta ya ARAnyM, inayoiga kompyuta za aina ya Atari, kujenga maelfu ya programu zilizorundikana. Leo m68k ipo katika Debian Ports, sehemu ya Debian inayohifadhi mashine zisizo rasmi. Sehemu hiyo haitoi toleo thabiti, na haitunzwi na kikosi cha usalama cha Debian.

Hata hivyo emuleta haichukui nafasi ya mashine halisi. Inaweza kukubali jambo ambalo kifaa halisi hukataa, na haiigi kila kadi ya mtandao au ya picha iliyowahi kuuzwa.

### Kompaila na lugha za programu

Mfumo hauwezi kuishi kuliko kompaila yake. Watunzaji wa kompaila huria ya GCC walipoamua kuondoa njia ya ndani iliyopitwa na wakati, walitangaza kwamba prosesa zinazoitegemea zitaondolewa zisipobadilishwa kabla ya GCC 11. Miongoni mwake zilikuwa m68k na VAX. Wapenzi wa m68k walichanga fedha za kumlipa yeyote atakayefanya kazi hiyo, na ilikamilika. VAX nayo ilibadilishwa kwa wakati. GCC 11 ilitoka mwaka 2021 ikiwa nazo zote mbili. Mwaka huohuo LLVM, mkusanyiko mwingine wa zana za kujengea programu, uliingiza m68k kwa mara ya kwanza kama sehemu ya majaribio.

Changamoto mpya zaidi ni lugha ya Rust. Kompaila yake hutegemea LLVM, ambayo haizifahamu prosesa zote zinazofahamika na GCC. Mwezi Februari 2021 maktaba ya Python iitwayo cryptography ilianza kuhitaji Rust ili ijengwe, na watumiaji wa mashine kadhaa za zamani wakashindwa kuisasisha. Mwezi Oktoba 2025 mmoja wa watunzaji wa APT, programu ya kusakinishia vifurushi katika Debian, alitangaza nia ya kuifanya ihitaji Rust kuanzia mwaka 2026. Tangazo hilo liliziweka katika hatari mashine za Debian Ports zisizo na Rust inayofanya kazi.

### Tatizo la mwaka 2038

Mifumo mingi ya jamii ya Unix huhesabu muda kwa sekunde tangu tarehe 1 Januari 1970. Hesabu hiyo ikihifadhiwa katika nambari ya biti 32 yenye alama, itajaa tarehe 19 Januari 2038 saa 3:14:07 usiku wa manane kwa saa za kimataifa (sawa na saa 12:14:07 asubuhi kwa Afrika Mashariki, ikisomwa kwa saa za Kiswahili). Baada ya hapo mfumo utadhani ni mwaka 1901. Tatizo hili huzikabili zaidi kompyuta za biti 32, ambazo ndizo nyingi kati ya za zamani.

NetBSD ilihamia hesabu ya biti 64 katika toleo la 6.0 la mwaka 2012, na OpenBSD katika toleo la 5.5 la mwaka 2014. Kerneli ya Linux iliweka njia hiyo kwa mashine za biti 32 katika toleo la 5.6 la mwaka 2020, lakini programu zinazotumia kerneli hiyo hazina budi kujengwa upya ili kunufaika nayo.

## Kuchagua mfumo unaofaa

Kutafuta mfumo huanza kwa kuifahamu mashine, si kwa kupakua programu. Mambo ya kuchunguza ni haya:

1. Aina ya prosesa. Je, ni ya biti 64 au 32? Katika Linux, amri ya lscpu hutoa jibu. Alama ya "lm" katika orodha ya uwezo wa prosesa humaanisha kuwa ni ya biti 64. Baadhi ya watu hudhani mashine yao ni ya biti 32 kwa sababu tu iliuzwa na Windows ya biti 32.
2. Uwezo wa ziada wa prosesa. Mikusanyo mingi ya biti 32 hudai PAE, uwezo wa kutumia kumbukumbu kubwa. Baadhi ya prosesa za Pentium M zinao lakini haziutangazi, hivyo kisakinishi huzikataa mpaka mtumiaji aongeze neno "forcepae" wakati wa kuwasha. Programu nyingine hudai SSE2, seti ya amri ambayo Pentium III na Athlon XP hazina.
3. Kiasi cha RAM. Hiki ndicho kikwazo kikubwa katika matumizi ya kila siku. Mfumo wenyewe unaweza kutumia megabaiti 100 tu, lakini kurasa za kisasa za wavuti hujaza gigabaiti nzima upesi.
4. Njia ya kuwashia. Kompyuta za miaka ya 1990 kwa kawaida haziwezi kuwaka kutoka kwenye flashi. Huhitaji CD, flopi au kuwashwa kupitia mtandao. Kinyume chake, baadhi ya kompyuta kama Macintosh za kwanza za Intel za mwaka 2006 zina programu ya kuwashia ya biti 32 hata pale prosesa ilipo ya biti 64.
5. Kadi ya mtandao na ya picha. Kadi za mtandao usiotumia waya mara nyingi huhitaji faili maalumu kutoka kwa mtengenezaji, na faili hiyo huenda haimo katika mfumo. Kebo ya mtandao huwa njia salama zaidi wakati wa kusakinisha.

Baada ya hapo mtumiaji hulinganisha mashine yake na mifumo iliyopo:

| Aina ya kompyuta | Mifumo inayoweza kufaa |
|---|---|
| Prosesa za 8086 na 286 | FreeDOS, ELKS |
| Prosesa za 486 na Pentium za mwanzo | NetBSD, FreeDOS |
| Biti 32 za miaka ya 2000 | antiX, Tiny Core, Alpine, NetBSD, OpenBSD, Haiku |
| Biti 64 zenye RAM ndogo | Debian au mkusanyo mwingine wenye mazingira mepesi ya skrini |
| Macintosh za PowerPC | NetBSD, OpenBSD |
| Amiga, Atari na Macintosh za m68k | NetBSD, Debian Ports |

Kuwemo katika orodha ya mradi si uthibitisho kwamba mfumo utafanya kazi. Inafaa kuangalia tarehe ya toleo la mwisho la mashine husika, iwapo makosa yaliyoripotiwa hujibiwa, na iwapo kuna taarifa za mtu aliyesakinisha toleo hilohilo karibuni. Faili iliyopakuliwa ihakikiwe kwa kulinganisha alama yake ya SHA-256 na ile iliyochapishwa na mradi. Ikiwezekana, mfumo ujaribiwe kwanza kutoka kwenye CD au flashi bila kugusa diski kuu.

## Hali ya vifaa

Mfumo mzuri hauwezi kuponya kifaa kibovu, na hitilafu za vifaa mara nyingi hudhaniwa kuwa za programu. Vitu vinavyoharibika zaidi ni hivi:

* Betri ya saa. Betri ndogo ya ubao mama, kwa kawaida aina ya CR2032, ikiisha, kompyuta husahau tarehe. Kivinjari hukataa kufungua tovuti kwa sababu vyeti vya usalama huonekana kuwa bado havijaanza kutumika. Kurekebisha tarehe huondoa tatizo mara moja.
* Betri za kuchajiwa zilizounganishwa kwenye ubao mama. Bao nyingi za miaka ya 1980 na 1990 zina betri za namna hii. Zikivuja, maji yake hula njia za shaba. Hushauriwa ziondolewe hata kama mashine bado inawaka.
* Kapasita. Kompyuta nyingi za mwanzoni mwa miaka ya 2000 zilipata kapasita duni ambazo huvimba juu na kuvuja. Dalili zake ni mashine kujizima au kukwama ovyo.
* Diski kuu. Mara nyingi diski za zamani hubadilishwa kwa kadi ya CompactFlash pamoja na kiunganishi chake. Kadi hiyo haina sehemu zinazozunguka.
* Kumbukumbu. Programu ya Memtest86+, ambayo pia ni huria, hutumika kuipima RAM kabla ya kusakinisha.

## Usalama

Mashine ya zamani yenye mfumo unaotunzwa inaweza kuwa salama zaidi kuliko mashine mpya yenye mfumo ulioachwa. Hatari kubwa iko katika kusakinisha toleo la zamani la mfumo kwa sababu tu ndilo linalokubali mashine. Matoleo kama hayo bado hupatikana katika hifadhi za miradi, kwa mfano hifadhi ya Debian, lakini hayapati tena viraka vya usalama.

Kivinjari ndicho kiungo dhaifu zaidi. Firefox kwa Linux ilianza kudai SSE2 katika toleo la 53 la mwaka 2017. Toleo la 144 la Oktoba 2025 ndilo la mwisho la kawaida kutolewa kwa Linux ya biti 32, ingawa toleo la muda mrefu la 140 liliachwa liendelee kwa muda zaidi. Baada ya hapo mfumo wa biti 32 unaweza kubaki salama, lakini kivinjari chake kisiwe salama.

Vyeti vya usalama navyo huzeeka. Tarehe 30 Septemba 2021 cheti cha mzizi kiitwacho DST Root CA X3, kilichotegemewa na tovuti nyingi zinazotumia Let's Encrypt, kiliisha muda. Vifaa vyenye mifumo ya zamani vilishindwa kufungua tovuti hizo ingawa hakuna kilichoharibika ndani yake.

Kompyuta isiyoweza kupata viraka bado hutumika kwa usalama ikitengwa na intaneti: kuandika, kuhifadhi hesabu, kuendesha mashine ya karakana, au kufundishia.

## Matumizi

Matumizi ya mifumo hii ni ya aina kuu tatu. Ya kwanza ni uhifadhi: makumbusho na wakusanyaji huitumia kusoma diski za zamani na kuonyesha mashine zikifanya kazi. Ya pili ni viwanda na maabara, ambako kifaa cha gharama kubwa hutegemea kadi isiyoingia katika kompyuta mpya. Ya tatu ni elimu.

Katika elimu, mradi wa LTSP ulioanza mwaka 1999 huwezesha kompyuta dhaifu kuwashwa kupitia mtandao kutoka kwenye seva moja. Kompyuta za wanafunzi hazihitaji hata diski kuu, na mwalimu hutunza mfumo mmoja badala ya ishirini. Programu huria ya Kiwix huweka kamusi elezo na vitabu katika kompyuta bila kuhitaji intaneti. Hilo hupunguza tatizo la kivinjari kilichozeeka, kwa kuwa mashine hutumika ndani ya mtandao wa shule tu.

Katika Afrika Mashariki, kompyuta nyingi za shule na ofisi ndogo ni zile zilizokwisha kutumika kwingine. Nchini Kenya shirika la Computers for Schools Kenya, lililoanzishwa mwaka 2002, limekuwa likikarabati kompyuta zilizotumika na kuzipeleka shuleni. Kwa mashine za namna hiyo, uamuzi wa mradi wa mbali wa kuacha biti 32 au prosesa fulani huamua iwapo maabara ya shule itaendelea kupata viraka. Mashine isiyo na mfumo unaotunzwa huelekea kuwa taka za kielektroniki mapema kuliko vipande vyake vinavyostahili.

## Njia za kushiriki

Si lazima mtu awe mwandishi wa programu ili asaidie. Miradi mingi huhitaji zaidi watu wa kujaribu. Mwenye kompyuta ya zamani anaweza kusakinisha toleo la majaribio kabla halijatoka rasmi, na kutuma taarifa ya amri ya dmesg inayoorodhesha vifaa vilivyotambuliwa. Kosa likitokea, taarifa yenye manufaa hutaja jina kamili la mashine, toleo lililotumika, toleo la mwisho lililofanya kazi, na hatua za kulirudia kosa hilo.

Taarifa ya kwamba mfumo unafanya kazi nayo ina thamani. Watunzaji wanapojadili kuondoa mashine, swali la kwanza huwa ni kama bado kuna anayeitumia kwa toleo jipya. Mashine ambayo watumiaji wake hawasemi lolote huhesabiwa kuwa haina watumiaji.

## Tazama pia

* Programu huria
* Mfumo wa uendeshaji
* Linux
* Unix
* Debian
* Taka za kielektroniki